Rutuba ya Kibanja Hutoka Wapi?

Mtu atembeaye katika sehemu za Bukoba na Muleba, mathalani pande za Kibeta, huona ardhi za namna mbili. Kuzunguka nyumba kuna kibanja, ambamo migomba, mibuni, maharage na miti huota pamoja. Nje yake kuna rweya, yaani uwanda wa majani wenye udongo usiozaa sana. Mgeni aweza kudhani kwamba wenyeji walijenga tu palipokuwa na udongo mzuri. Lakini kwa sehemu kubwa udongo wa kibanja ulitengenezwa na watu.

Karibu na Ziwa Viktoria mvua hufikia milimita 2000 hivi kwa mwaka. Maji hayo yapenyapo ardhini huyeyusha madini na kuyashusha mahali ambapo mizizi haifiki, hasa katika udongo uliotokana na miamba ya mchanga. Wahaya walishinda tatizo hilo kwa njia mbili. Ng'ombe walilishwa rweya mchana, wakalala nyumbani usiku, na samadi yao ikatiwa migombani. Hali kadhalika, majani ya rweya yalikatwa na kutandazwa chini ya migomba. Hivyo, kwa vizazi vingi, chakula cha mimea kilihamishwa kutoka eneo kubwa hadi eneo dogo.

Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno katika Afrika Mashariki, Buhaya ikiwamo. Baadaye watu waliongezeka, na sehemu za rweya zikageuzwa mashamba na misitu ya kupandwa. Kibanja kisicholetewa kitu hudhoofika; wenyeji hukiita kikamba.

Wakati huohuo mazao huondoka. Kilo moja ya ndizi zilizomenywa ina gramu 3 hadi 4 za potasiamu, na maganda huwa na potasiamu nyingi pia. Mkungu uliwao nyumbani huacha maganda yake kibanjani. Mkungu upakiwao katika lori haurudishi kitu.

Kanuni hii haihusu migomba pekee. Katika pamba ya Usukuma, nyuzi ni selulosi takriban tupu, ambayo mmea huiunda kwa hewa na maji. Nitrojeni na fosforasi huondoka zaidi katika mbegu. Mashudu yakilishwa ng'ombe, na samadi ikarudi shambani, hasara hupungua.

Mkulima wa kibanja afanye nini?

1. Arudishe maganda, majani na migomba iliyokwisha kuvunwa, isipokuwa ile yenye ugonjwa wa mnyauko.

2. Ahifadhi mkojo wa ng'ombe, kwani ndimo imo sehemu kubwa ya potasiamu aitoayo mnyama. Zizi liwe na sakafu ngumu na matandiko ya majani yanayofyonza mkojo huo.

3. Apande mimea jamii ya kunde, kama marejea. Bakteria waishio katika vinundu vya mizizi yake huchukua nitrojeni hewani. Lakini hawawezi kuumba potasiamu. Iliyopotea sharti iletwe kutoka nje, kwa majivu, samadi au mbolea ya viwandani.

Wanafunzi wanaweza kulichunguza jambo hili wenyewe. Wachague kibanja kimoja, wafungue daftari lenye safu mbili, na kwa mwezi mmoja wapime kwa mizani kila kiingiacho na kila kitokacho. Safu ya vitokavyo ikizidi mno, watakuwa wameiona njaa ya udongo kabla haijaonekana katika mikungu.