Zebaki Ipi?

Kupima zebaki katika nywele za mtu si kazi ngumu kwa maabara yenye vifaa. Nywele huyeyushwa kwa tindikali, zebaki iliyomo hugeuzwa kuwa mvuke, kisha mvuke huo humulikwa kwa taa yenye mwanga wa nanomita 253.7. Zebaki hufyonza mwanga huo, hivyo kadiri unavyofifia ndivyo zebaki ilivyo nyingi. Namba inapatikana. Kazi kubwa huanza hapo, maana namba peke yake haisemi zebaki hiyo ni ya aina gani wala ilipita njia ipi.

Masazumi Harada, daktari wa Chuo Kikuu cha Kumamoto nchini Japani, alilijua hilo vizuri. Katika mji wa Minamata, kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini hadi mwaka 1968, na familia za wavuvi zikaila kupitia samaki, zikaugua. Madaktari wa wakati ule waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto tumboni. Harada aliwasikiliza akina mama waliosema vinginevyo, na uchunguzi ukawapa haki. Baadaye ushahidi ulipatikana hata majumbani: familia za Kijapani huhifadhi kipande cha kitovu cha mtoto kilichokauka, na vipande hivyo vilipopimwa vilikutwa na methili ya zebaki, aina ile ile iliyokuwa ndani ya samaki.

Katikati ya miaka ya 1990, Harada na wenzake walifanya utafiti Kanda ya Ziwa, Tanzania. Hofu ilikuwa na msingi. Mchimbaji mdogo huchanganya mchanga wa dhahabu na zebaki, kisha huchoma donge linalotokea ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Mvuke mwingine anauvuta yeye mwenyewe na walio jirani. Mwingine hutua ardhini na kusombwa na mvua hadi mtoni. Kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza zebaki kuwa methili ya zebaki, nayo hujilimbikiza zaidi ndani ya samaki wanaokula samaki wenzao. Je, Ziwa Victoria lilikuwa likielekea yaliyoipata Minamata?

Zilikusanywa nywele za wachimbaji, za wavuvi na familia zao, na za wakazi wa Mwanza mjini. Katika kila kundi walikuwepo wachache waliozidi mikrogramu 50 kwa gramu moja ya nywele, kiwango cha kutisha kwa yeyote aliyeijua Minamata. Mtafiti mwenye pupa angetangaza papo hapo kwamba sangara na sato ni sumu, na wavuvi wangekosa riziki bila kosa. Timu hii ilipima pia methili peke yake, na methili ilikuwa kidogo. Mtu aliyeathiriwa na samaki huwa kinyume: sehemu kubwa ya zebaki ya nywele zake ni methili, iliyotoka kwenye damu.

Kwa wachimbaji, mvuke ungeweza kuwa maelezo. Lakini mkazi wa mjini ambaye hajawahi kuchoma dhahabu? Uchunguzi uliishia bafuni, kwenye sabuni za kujichubua zenye aidodi ya zebaki.

Naupa utafiti huu uzito mkubwa, kwa sababu uliwaondolea samaki lawama isiyo yao na ukaonyesha hatari ambayo wengi hawakuitafuta. Unatufundisha pia namna ya kumpima mchomaji dhahabu. Mvuke anaouvuta hulimbikizana kwenye figo, kwa hiyo sampuli ya kuaminika ni mkojo. Nywele zake zinaweza kushika mvuke kwa nje tu, zikapandisha namba pasipo kueleza yaliyo ndani ya mwili.

Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka marufuku kwa vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni. Sabuni za kujichubua zenye zebaki huwa na asilimia 1 hadi 3 ya aidodi ya zebaki, yaani zebaki inayozidi kiwango hicho mara maelfu, na bado zinauzwa. Ukiona pakiti inaonya kwamba sabuni isigusane na vito vya dhahabu, fedha au aluminiamu, shuku zebaki. Usiinunue, na mwambie mama mjamzito aliye karibu nawe asiiguse.