Elimu ya Ushirika Ilivyoanza

Mali ya ushirika ni ya wengi. Wenye mali wasipojua hesabu, mali hiyo hubaki mikononi mwa yule azijuaye. Jambo hili lilitambuliwa mapema. Huko Rochdale, Uingereza, chama kilichoanzishwa na mafundi mwaka 1844 kilikuja kutenga asilimia 2.5 ya ziada yake kwa elimu ya wanachama. Mwaka 1919 Chuo cha Ushirika kikaanzishwa Manchester.

Huko Tanganyika, sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata KNCU ikaundwa Kilimanjaro. Vyama vilipoongezeka, haja ya makatibu na watunza hesabu wenye ujuzi ilizidi. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi kwa mafunzo ya watumishi. Mwaka 1964 kikafuata Kituo cha Elimu ya Ushirika kwa ajili ya wanakamati na wanachama. Mwaka 2014 chuo hicho kikawa chuo kikuu.

Waasisi hawakukosea kuifuata njia zote mbili. Katibu huandika mizania, lakini mwanachama ndiye huulizwa mkutanoni kama anaikubali. Asiyeweza kuisoma huikubali gizani.