Skana na Uaminifu wa Rangi (Sehemu ya Nne): Fumbo la Utepe wa 1861

Kila maktaba inapoungua, wito wa kuskani nyaraka husikika upya. Ndivyo ilivyokuwa baada ya moto wa Aprili 18, 2021 kuteketeza ukumbi wa Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town. Wito ni wa haki. Ila ni wachache wanaouliza skana yenyewe inaona rangi gani.

Waliofuatilia makala zilizopita wanajua kwamba skana huichambua nuru kwa nyekundu, kijani na buluu. Kanuni hiyo ni kongwe kuliko kompyuta. Mei 17, 1861, mwanafizikia James Clerk Maxwell aliwaonyesha wasikilizaji wa Royal Institution, London, picha ya utepe wa Kiskoti. Mpiga picha Thomas Sutton alikuwa ameupiga picha kupitia vichujio vya vimiminika vya rangi hizo tatu. Picha zikarushwa ukutani kwa pamoja, zikapandana, na utepe ukaonekana na rangi zake.

Jaribio hilo halikupaswa kufaulu! Kemikali za picha za wakati ule hazikuhisi wekundu hata kidogo. Fumbo likadumu karne nzima, hadi 1961, Ralph Evans wa Kodak na wenzake walipolifumbua: kichujio chekundu kilipitisha pia miali ya urujuanimno, na kitambaa chekundu nacho kiliiakisi. Kilichonaswa kama wekundu kilikuwa nuru ambayo jicho la binadamu haliioni kabisa.

Hatari ya chombo kuona rangi tofauti na jicho haijaisha. Skana nyembamba za bei nafuu huwasha taa za LED za rangi tatu kwa zamu, kila moja ikitoa ukanda mwembamba wa nuru. Aina mbili za wino zinazofanana machoni zinaweza kutofautiana ndani ya skana, na zinazotofautiana zikafanana.

Dawa iliyozoeleka ni kadi ya rangi ya IT8. Vipande vyake vimeshapimwa. Programu hulinganisha vipimo hivyo na kile skana ilichosoma, kisha hutengeneza profaili ya kusahihisha. Lakini kadi hiyo huchapwa kwenye karatasi ya picha. Profaili yake huzifaa picha za namna hiyo, na inaweza kupotosha wino wa hati au mchoro wa rangi za maji. Kuitumia kwa kila kitu, kisha kuandika “rangi halisi”, ni kuwadanganya watafiti wa kesho.

Wakuu wa maktaba wasipokee kazi ya kuskani isiyo na kadi ya rangi kando ya ukurasa, wala wasikubali hati asilia itupwe eti nakala ipo.