Ulimbo wa Kuvu: Jinsi Ukungu Unavyojibandika Kabla ya Kuharibu



Kila msimu wa karafuu maswali mawili hutujia. La kwanza: kwa nini karafuu zilizochumwa vizuri, nzima na nono, zafika kituoni zimeota ukungu na kushushwa daraja? La pili: kwa nini dawa ya kuvu yamfaa mkulima mmoja, na jirani yake aliyetumia dawa ile ile asione faida? Maswali haya yaonekana mbalimbali, lakini jibu lake lina shina moja. Kuvu haiharibu kitu mpaka kwanza ishikamane nacho. Mwenye kujua inavyoshikamana atajua pia wakati wa kuizuia.

Kuvu ni kiumbe hai. Ukungu wa mkate, uyoga wa shambani na magonjwa mengi ya mimea ni jamaa moja. Huzaa mbegu ndogo mno, nazo huchukuliwa na upepo, matone ya mvua, wadudu, hata mikono na visu vyetu. Mbegu hiyo haina miguu wala kucha. Ikiangukia jani la mkarafuu yakuta uso laini wenye nta, ambao maji huteleza juu yake na kwenda zake. Lau ingekuwa vumbi tupu, mvua ya kwanza ingeifagia. Haifagiwi kwa sababu hujitengenezea ulimbo.

Ulimbo twaujua sote: ni ule utomvu wa mfenesi ambao watoto hupaka vijiti ili kunasa ndege. Ulimbo wa kuvu hautokani na utomvu. Sehemu yake kubwa ya kazi hufanywa na protini, yaani kitu cha namna ile iliyomo katika samaki, maharagwe na ute wa yai. Aliyewahi kuosha sahani iliyokaukiwa na ute wa yai hahitaji kuelezwa jinsi protini inavyoweza kung'ang'ania. Kuvu huitengeneza protini hiyo ndani ya mwili wake, kisha huitoa nje, nayo hukaa baina yake na kile inachotaka kukishika.

Mfano uliochunguzwa sana si wa mkarafuu bali ni wa mpunga, zao ambalo wengi wetu hulilima mabondeni. Ugonjwa wa mpunga uitwao blasti huletwa na kuvu ambayo mbegu zake ni ndogo hata 40 zikipangwa mstari mmoja hazizidi sana milimita 1. Mwaka 1988 wataalamu wa Marekani walieleza jinsi mbegu hiyo inavyojishika. Katika ncha yake mna akiba ya ute wenye protini na sukari zilizofungamana. Mbegu ikiwa kavu, ute umefungwa ndani. Ikipata unyevu, ncha hupasuka, ute hutoka, na mbegu hubandikwa palepale. Wataalamu waliijaribu hata juu ya Teflon, ile inayopakwa kwenye vikaango ili chakula kisigande, nayo ilishika.

Baada ya hapo mbegu huchipua na kufanya kidutu cha duara kilichobanwa juu ya jani. Ndani ya kidutu hicho nguvu ya maji huongezeka mpaka kufikia kama mara 80 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta, yaani kiasi cha mara 40 ya upepo wa tairi la gari dogo. Kwa nguvu hiyo kuvu hutoboa ngozi ya jani. Lakini fikirini: mtu anayesukuma mlango huku amesimama penye utelezi hurudi nyuma yeye mwenyewe. Bila ya kubandikwa barabara, nguvu yote hiyo isingetoboa kitu.

Iko namna nyingine ya protini, iitwayo haidrofobini, maana yake ni yenye kuogopa maji. Wataalamu wa Uholanzi waliieleza mwaka 1991 walipokuwa wakichunguza kijiyoga kidogo cheupe chenye kuota juu ya magogo makavu, ambacho hupatikana karibu dunia nzima. Protini hii ikitolewa nje hujipanga yenyewe ikafanya utando mwembamba ajabu, unene wake kama sehemu moja ya milioni ya sentimita. Upande mmoja wa utando hupenda maji, na upande wa pili huyakimbia. Kwa utando huo kuvu hufanya kazi mbili. Hujishika na vitu vyenye nta, na hujifunika isilowe, ili mbegu zake zipeperuke kavu hewani. Kuvu ya blasti nayo ina protini ya jamaa hii. Mwaka 1993 ilionyeshwa kwamba kuvu iliyonyimwa uwezo wa kuitengeneza hupungukiwa sana na nguvu ya kuambukiza mpunga.

Isidhaniwe kwamba ulimbo huu ni wa kutudhuru tu. Iko kuvu ya udongoni iitwayo Metarhizium ambayo huua wadudu. Wataalamu wa Marekani walionyesha mwaka 2007 kwamba ina protini mbili za kunatia: moja ya kushika ngozi ya mdudu, na ya pili ya kushika mmea. Ikiondolewa ile ya kwanza, hushindwa kumshika mdudu sawasawa na nguvu yake ya kumuua hupungua. Kuvu ya ukoo huo huo ilitumika katika nchi yetu mwaka 2009 kupambana na nzige wekundu, katika mbuga za Katavi na bonde la ziwa Rukwa. Basi kunata ni chombo tu, kama panga: faida na hasara zategemea aliyelishika.

Sasa turudi kwenye mikarafuu yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wataalamu Nutman na Roberts waliandika habari za kuvu mbili zinazouguza mikarafuu ya visiwa hivi. Moja walieleza kuwa ndiyo iletayo ugonjwa wa kufa ghafla, ambao mti hupukutisha majani na kufa kwa muda mfupi. Ya pili hukausha matawi kuanzia nchani kurudi chini. Hii ya pili hupenda kupitia kwenye majeraha. Hapo ndipo maelezo yetu yote yanapotufaa. Ngozi nzima ya mti, yenye nta na gome, ni ukuta. Mgeni hana budi ajibandike na atoboe. Tawi lililovunjwa na mchumaji ni mlango uliokwisha funguliwa: hakuna nta, pana unyevu, na chakula kiko wazi. Tukivunja tawi ili kufikia kishada kimoja, tumeisamehe kuvu kazi yake iliyo ngumu kuliko zote.

Na dawa je? Dawa za shaba na nyingine za jamaa hiyo hukaa juu ya ngozi ya mmea. Huiua mbegu wakati inapoanza kuchipua, kabla haijaingia. Ikisha kuingia ndani, dawa ya juu haiifikii. Ndiyo sababu ya majirani wawili kutofautiana: mmoja alinyunyiza kabla ya mvua, mwenziwe alingoja mpaka aone madoa. Dawa ilikuwa moja, saa hazikuwa moja.

Kuhusu ukungu wa karafuu zilizochumwa, baadhi ya wanachama husema, karafuu ni kali, mafuta yake yenyewe huua kuvu, yawaje ivunde? Ni kweli kwamba mafuta ya karafuu huzuia kuvu nyingi. Lakini mafuta hayo yamo katika vifuko vidogo ndani ya karafuu. Karafuu mbichi zikilundikwa usiku kucha, hupata joto, hutoa maji na kuvunda, na zikikauka huwa zimesinyaa, nyepesi, zenye rangi ya kupauka. Mbegu za ukungu zilikwisha kuwamo tangu mwanzo, kwenye vumbi la gunia na la jamvi. Zilikuwa zikingoja unyevu tu, kama ile ya mpunga.

Kwa hiyo twawashauri wanachama mambo haya:

1. Karafuu zichambuliwe siku ile ile zilipochumwa, zisilale katika lundo wala katika magunia.

2. Zianikwe nyembamba juu ya majamvi au sakafu safi, zigeuzwe mara kwa mara, na zianuliwe upesi mvua ikitisha. Zilizorowa zisichanganywe na zilizokwisha kauka.

3. Majamvi na magunia yapigwe vumbi na yaanikwe juani kabla ya msimu, mbali na karafuu.

4. Wachumaji wakatazwe kuvunja matawi. Tawi likivunjika, likatwe vizuri kwa msumeno, na lililokauka kwa ugonjwa lichomwe moto.

5. Kisu kilichokata mti mgonjwa kisafishwe kabla ya kugusa mti mzima.

6. Anayetaka kutumia dawa amwone bwana shamba mapema, kabla ya mvua, apate kujua dawa gani na kiasi gani.

Mkarafuu hutaka miaka mingi mpaka kuzaa vyema, na ukifa haurudishwi kwa msimu mmoja. Kuvu yahitaji unyevu kidogo tu na saa chache ili ijibandike. Basi saa hizo chache ndizo za kuzichunga, na kazi yake haihitaji fedha nyingi: ni jamvi kavu, mkono mwepesi na kisu safi.