Kuzima si kumaliza: Kiswahili kinapoingia maabara ya umeme

Majuzi mwenzangu wa idara ya fizikia aliniletea karatasi mbili za maagizo ya Kiingereza. “Prof, hebu nitafsirie hii kitu,” akaniambia. “Vijana wangu wa maabara wanaongea Kiswahili kutwa, lakini maagizo ya mashine yote ni Kiingereza.”

Mashine yenyewe ni amplifaya ya volteji ya juu, ile ambayo kiwango chake cha kukuza hubadilishwa. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Ilinichukua wiki mbili, na nusura niponze mtu.

Amplifaya ya kanisani au ya kwenye matatu twaijua sote: hupokea sauti ndogo na kuitoa ikiwa kubwa. Ya maabara hufanya vivyo hivyo kwa volteji. Huingiziwa ishara ndogo, tuseme isiyozidi volti 10, nayo huitoa ikiwa na volti mia kadhaa au hata elfu. Ishara hiyo huendesha vifaa kama fuwele za piezo, ambazo hurefuka na kufupika kwa kadiri ndogo mno zinapopewa volteji. Wanasayansi huzitumia kusogeza vioo na sehemu za hadubini kwa umbali usioonekana kwa macho.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa hicho kiwango cha kukuza. Mwanafunzi wangu aliyenisaidia alikiita “faida inayorekebishika”. Nikamuuliza, “Hii ni mashine ama ni duka?” Neno la Kiingereza lina maana mbili, ya biashara na ya uhandisi, naye alichukua ile ya sokoni. Ilhali kitenzi “kua” katika kauli ya kutendesha hutupa “kuza”, na hicho ndicho mashine inachofanya. Kiwango kikiwa mara 20, volti 5 zikiingia hutoka 100. Kikiwa mara 100, volti 5 zile zile hutoka 500. Na ikiwa kikomo cha mashine ni volti 200? Basi kilele cha wimbi hukatwa, likatoka bapa kama mti uliokatwa kichwa. Ndiyo maana fundi huanza na kiwango cha chini kabisa, wala hakibadilishi kabla ya kushusha ishara inayoingia hadi sifuri.

Kikwazo cha pili ni mazoea yetu ya kusema “umeme mwingi” au “stima imepungua”. Kipi kimepungua, volteji au mkondo? Fikiria tangi la maji juu ya paa. Kimo cha tangi ndicho volteji. Maji yanayopita mferejini kwa kila sekunde ndiyo mkondo. Fuwele ya piezo huhifadhi chaji kama kapasita. Ikiwa ni ya maikrofaradi 1, kuipandisha volti 100 kwa sekunde 1/1000 kunahitaji mkondo wa ampea 0.1. Mashine isiyoweza kutoa mkondo huo itachelewa, na wimbi litalegea hata kama volteji yake ya juu inatosha. Fundi akiandika tu “stima imepungua”, anayemfuata hatajua atengeneze nini.

Hata kusoma kipimo kuna mtego. Mashine nyingi za aina hii zina tundu la ufuatiliaji linalotoa sehemu ndogo tu ya volteji halisi, kwa mfano moja kwa mia. Osiloskopu ikionyesha volti 2, kwenye fuwele kuna 200. Usipoandika “zidisha kwa mia” kando ya tundu hilo, kuna siku mtu atagusa volti 200 akidhani ni 2.

Kikwazo cha tatu ndicho kilichotaka kuleta balaa. Nyumbani tunazima taa, simu, redio na hata moto. Kitenzi kimoja kinatosha. Nami katika rasimu yangu niliandika “zima” mahali patatu: kwa ishara inayoingia, kwa njia ya kutolea, na kwa swichi kuu. Agizo la kuondoa chaji nililiona kama marudio, nikaliacha. Fundi mmoja akaifuata rasimu. Akazima swichi, akaridhika, akanyoosha mkono kuchomoa kebo ya fuwele. “Wacha!” mwenzangu akapaza sauti. Walipopima, fuwele ilikuwa ingali na zaidi ya volti 100.

Stima ikipotea mtaani, huwa hatuna shaka kwamba imeenda. Maabarani umeme unaweza kukatwa kwenye chanzo huku ukiendelea kukaa kwenye kifaa.

Nikaandika upya kwa vitenzi visivyoingiliana. Kabla ya kuwasha: unganisha waya wa ardhini, unganisha fuwele, weka kiwango cha kukuza chini, ishara iwe sifuri. Ukimaliza kazi: shusha ishara hadi sifuri, funga njia ya kutolea, zima swichi kuu, ondoa chaji kupitia rezista, pima. Mita ikisoma sifuri, ndipo uguse. Kila kitenzi kina tendo lake moja, wala hakuna cha kurukwa.

Watu huniuliza kama Kiswahili kinaweza kubeba sayansi. Uwezo kinao. Kilichopungua hapa hakikuwa msamiati. “Shusha”, “funga” na “pima” ni maneno ya kila siku. Kilichopungua ni mtafsiri kusimama kando ya mashine kabla ya kushika kalamu. Nilitafsiri nikiwa ofisini na kamusi zangu, na kamusi haina waya.

Rasimu ya pili sikumpelekea mhariri. Nilimpelekea fundi yule yule, naye akanirekebisha mara mbili. Maagizo hayo sasa yamebandikwa ukutani, juu kidogo ya swichi.