Mizani, urari, mrama: balansi ina maneno yake

Ukikaa kidogo katika duka lolote la Amani, hapa Unguja, jirani na uwanja wa mpira, utalisikia neno balansi likirukia kazi hii na ile. Kijana anataka kujua balansi ya simu yake. Mwenye duka analalamika kuwa hesabu za jana hazijabalansi. Redioni, mtangazaji anamsifu kiungo kwa balansi ya mwili. Asili yake ni Kilatini, kwa maana ya chombo chenye sahani mbili. Likapita Kifaransa, likaingia Kiingereza, na huko likatwikwa kila mzigo. Sina ugomvi na maneno ya kukopa, maana Kiswahili cha Unguja kimejaa ya Kiarabu, Kihindi na Kireno. Kinachonisikitisha ni kuona neno moja likiyafukuza maneno mengi ambayo kila moja lina ujuzi wake.

Mizani nayo ni ya kukopa, kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kupima uzito. Mizani ya zamani ina mkono mmoja, vitanga viwili na mawe yake. Karafuu za visiwa hivi zilihesabiwa kwa frasila, yaani ratili 35, karibu kilo 16, na mkulima aliyebeba magunia yake hadi kwa mnunuzi alikuwa na haki ya kuangalia vitanga kwa macho yake mwenyewe. Pishi na kibaba ni habari nyingine: hivyo hupima ujazo, vibaba vinne kwa pishi, na havihitaji upande wa pili. Mizani hailijui jambo moja peke yake. Hulipima kwa kulilinganisha na jingine. Kwa hiyo mhariri anayesema habari fulani haina mizani amesema sawasawa, ikiwa aliyetuhumiwa hakupewa nafasi ya kujibu.

Washairi walilichukua neno hilo wakalifanyia jambo la ajabu. Katika ushairi wa Kiarabu, kipimo hutegemea silabi ndefu na fupi. Kiswahili kilihifadhi jina lakini kikabadili kanuni: silabi zote zina uzito mmoja, basi zinahesabiwa tu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizieleza kanuni hizo katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi. Shairi la kawaida lina mizani 16 katika mstari, 8 za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. Jaribu mwenyewe: “Uwanja wa Amani” ni mizani 7, umepungukiwa. “Uwanjani mwa Amani” ni 8 kamili. Na usiisahau M inayosimama peke yake: “mtu” ni mizani mbili, m na tu, na wanafunzi wengi huikosa hapo.

Kwenye fedha, Kiswahili kimegawa kazi kwa uangalifu kuliko Kiingereza. Kilichobaki baada ya matumizi ni salio, na simu zetu zimelieneza neno hilo hadi shamba. Hali ya pande mbili za daftari kutoshana ni urari. Ndiyo maana wachumi husema urari wa malipo wanapolinganisha fedha zinazoingia nchini na zinazotoka. Taarifa inayoonyesha mali upande mmoja na madeni pamoja na mtaji upande mwingine ni mizania. Yule mwenye duka angesema hesabu zake hazina urari, na mhasibu yeyote angemwelewa.

Uwiano ndio unaoteleza zaidi magazetini. Mwalimu mmoja kwa wanafunzi 80 ni uwiano, na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 30 ni uwiano pia. Neno hili linataja uhusiano wa idadi mbili tu, halisemi kama uhusiano huo unafaa. Kudai kwamba shule “haina uwiano” ni kuacha sentensi nusu.

Uwanjani Amani mambo ni mepesi: timu iliyotanguliwa ndiyo husawazisha, na matokeo huwa sare.

Lakini hazina kubwa iko baharini, na inaniuma kuiona ikisahauliwa. Jahazi lisilo na shehena hutiwa farumi, mawe au mchanga tumboni, ili uzito ukae chini lisipinduke. Likiyumbishwa na mawimbi huku na huku, linakwenda mrama. Ngalawa, kwa wembamba wake, haiwezi kubeba tanga bila matengo, moja kila ubavu. Upepo ukiilalia sana, baharia huhamia upande wa joshi, unakotoka upepo, akaegemeza mwili wake huko. Msawazo wa aina hii haupatikani mara moja ukaisha: unafanyiwa kazi muda wote chombo kinapotembea. Mwandishi wa uchumi anayetafuta jina la akiba inayoizuia benki isiyumbe anayo farumi, imekaa inamngoja.

Hospitalini, tofauti hizi si za mapambo. Mgonjwa akisema balansi yake mbovu, daktari bado hajaambiwa kitu. Akisema anapata kizunguzungu, chumba kinazunguka kila anapogeuka kitandani, huenda ametaja sikio la ndani, ambako mna vifereji vitatu vyenye umajimaji vinavyoujulisha ubongo kichwa kinageukia wapi. Akisema kichwa kitulivu lakini anapepesuka, hasa gizani, swali linahamia kwenye mishipa ya fahamu ya miguu, na mwenye kisukari lazima aulizwe kuhusu ganzi. Daktari aulize basi, kabla ya kuandika chochote: ni dunia inayozunguka, au ni miguu isiyojua ilipo?