Kuacha kazi mbele ya wakati: tumjibu nini anayetuuliza?

Baba mmoja wa hapa Mokambo, mwenye miaka 52, alinijia jioni moja na karatasi mkononi. Wakubwa wake wa kazi walimwandikia hivi: ukipenda kupumzika sasa, tutakupa dola 5,000 kwa mara moja, usipopenda, endelea na kazi. Walimpa siku kumi na nne za kufikiri. Akaniambia: «Baba Padri, nitie sahihi ao nisitie?»

Sikumjibu siku ile. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, ana mke na watoto sita, na mgongo wake unamuuma. Mimi sina mke, sina watoto, na kanuni ya Eklezia inaniambia kwamba, nikiwa paroko, nitaombwa kumpa Askofu barua ya kuacha kazi nikifika miaka 75. Padri anatoa mashauri ya feza kwa urahisi sana kwa sababu si yeye atakayelala njaa. Ndugu waseminari, mjihazari na urahisi huo, maana mtakapofika katika parokia za Katanga, neno hili mtaulizwa, na pengine zaidi ya maneno ya katekismu.

Sisi watu wa huku tuna mfano mkubwa mbele ya macho. Union Minière, iliyoanza katika 1906, ilimpa mtu wa kazi si mshahara tu: ilimpa nyumba, posho, hospitali, masomo ya watoto. Katika 1967 kompani ikawa ya serkali, ikaitwa kiisha Gécamines, na desturi ile ikaendelea. Watu walisema kwamba kompani ni baba na mama. Lakini baba yule akaanguka. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka; septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na katika 1994 zilitoka tani karibu 30,000 tu. Mishahara ikakawia, halafu ikakatika. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Université ya Lubumbashi aliandika katika 2001 kitabu juu ya watu hao, akawaita kwa jina la kitabu «Bana Shaba» walioachwa na baba yao.

Hapo ndipo ilipokuja ile «départs volontaires», maana yake kuondoka kwa mapenzi. Kompani ilikuwa na watu karibu 24,000, isiweze kuwalipa. Banki ya Dunia ikatoa feza ili wale wenye miaka 25 ya kazi ao zaidi waondoke wakipenda. Tangu agosti 2003 hata mwanzo wa 2004 wakaondoka watu 10,655. Kila mmoja alipewa kwa kadiri ya cheo na miaka yake, tangu dola 1,900 hata 30,000. Wengi wao walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi, wengine hata miezi 36.

Je, yalikuwa mapenzi kweli? Mtakatifu Thomas, akimfuata Aristoteles, anatoa mfano wa mtu wa merikebu anayetupa mizigo yake baharini wakati wa tufani. Kwa saa ile anapenda kuitupa, mkono wake ndio unaoitupa. Lakini bahari ingekuwa shwari asingeitupa hata moja. Mfano huu tuliusoma kwa kilatini, tukafanya mtihani juu yake, tukausahau. Baba wa nyumba aliyekaa miaka mitatu bila mshahara, mtoto amefukuzwa masomoni, mwenye butiki anadai unga wa mwaka mzima, mtu huyu akionyeshwa dola elfu tatu atatia sahihi. Njaa ndiyo iliyomshika mkono. Kwa hiyo msimlaumu leo kwamba alichagua vibaya, wala msimwambie kwamba alitaka mwenyewe.

Na feza zilikwenda wapi? Sehemu kubwa ililipa madeni mbele ya kufika nyumbani. Wengine walinunua taksi ya zamani iliyokufa barabarani, wengine wakafungua butiki katika njia yenye butiki kumi. Walikuwa mafundi wa mashini, watu wa tanuru, makarani. Hakuna aliyewafundisha biashara. Tena wakati ukawacheka: katika 2003 tani moja ya shaba iliuzwa chini ya dola 1,800, katika 2006 ikapita dola 6,000. Makompani mapya yakaja, yakaandika vijana. Wale wazee walikuwa wameondoka kwa mlango wa nyuma miaka miwili ao mitatu mbele ya karamu kuanza.

Mtu asiseme basi kwamba kila anayeondoka mapema anapotea. Kuna mtu mwenye ugonjwa wa kifua anayeongeza ugonjwa kila siku anayoshuka mgodini: huyu aondoke, na daktari aandike kwa nini. Kuna mwenye shamba linalozaa tayari, ao mke mwenye kazi inayotosha kulisha nyumba. Kuna fundi ambaye jioni zote anaitwa na watu kutengeneza mashini zao. Huyu kazi yake ya pili imekwisha kuzaliwa, inangoja tu apate wakati. Lakini angalieni neno «tayari». Anayesema «nikipata feza, nitaanza kulima» hajui bado kama atalima. Mwambieni alime msimu mmoja kwanza, akiwa bado na mshahara wake, tuone.

Yule baba aliporudi nilimwomba aje pamoja na mke wake. Alishangaa kidogo: neno la kazi ni la mwanaume, alisema. Nilimjibu kwamba neno la sufuria ni la nani basi? Wakaja wote wawili, tukachukua karatasi na kuhesabu. Dola 5,000 zilionekana mlima. Mama akataja matumizi ya nyumba: unga, mafuta, masomo, dawa, na ile ndogo ya matanga ambayo hakuna anayeiandika lakini kila mwezi inatoka. Ikafika dola 150 kwa mwezi, na hapo hakuna nguo. Dola 5,000 kwa 150 ni miezi 33. Haitimizi miaka mitatu. Kwa sheria ya 2016 pansio ya uzee inaanza kwa miaka 60. Kwa yule baba inabaki miaka minane, maana yake miezi 96. Ukigawanya mlima ule kwa miezi 96, kila mwezi unapata dola 52. Baba akanyamaza. Mama hakushangaa; nadhani alikuwa amekwisha kuhesabu mwenyewe nyumbani.

Kiisha tukaandika upande wa pili vitu vinavyokoma siku ya sahihi, kwa maana karatasi ya wakubwa inataja kinachoingia tu. Nyumba ni ya nani? Hospitali inaendelea kwa mke na watoto, ao inakoma? Na lile neno ambalo watu wengi hawaliulizi: je, mwenye kazi alimlipia kweli CNSS, iliyochukua fasi ya INSS ya zamani, mwaka kwa mwaka? Mtu anaweza kukatwa mshahara miaka ishirini, na siku ya pansio jina lake halionekani. Nilimtuma aende mwenyewe katika biro yao Lubumbashi, na vitabu vyake vya mshahara, mbele ya siku ya kumi na nne. Kupanda kamioni kwenda kule ni gharama na vumbi, lakini swali hili halijibiwi na jirani.

Hapa kwetu mpaka ni karibu sana; ukivuka uko njia ya Mufulira, na wengi wana ndugu kule wanaofanya kazi ya shaba kama sisi. Ndugu hao wanawaambia: kwetu mtu anachagua mwenyewe. Ni kweli, na inafaa kuifahamu vizuri. Kwa sheria ya Zambia ya 2015, wakati wa kawaida wa kupumzika ni miaka 60. Anayetaka kuondoka mapema anaweza kwa miaka 55, na anayetaka kuendelea anaweza kufika 65. Tena tangu 2023 mtu anaweza kutoa sehemu moja kwa tano ya akiba yake mbele ya wakati. Lakini kule sheria yenyewe imetaja miaka, na mtu anaijua tangu siku anapoandikwa. Hiyo si sawa na karatasi inayokuja kwa ghafula na siku kumi na nne. Msiache watu wachanganye mambo haya mawili.

Kuna neno moja lisilohesabika kwa dola. Mtu aliyeamka saa kumi za usiku kwa miaka thelathini, asubuhi ile ya kwanza anaamka vilevile, anavaa, halafu anakaa kwenye kiti. Watoto wanamwona mchana nyumbani na hawajui wamwite nani. Bibi mmoja aliniambia juu ya mume wake, aliyeondoka katika ile hesabu ya 10,655: «Alianza kunichunguza namna ninavyopika.» Alicheka, lakini si sana. Anayeondoka amtafutie asubuhi yake kazi, hata kama ni ya kuchunga kuku.

Yule baba alirudisha karatasi siku ya kumi na tatu bila sahihi. Sina hakika kwamba tulifanya vizuri. Kazi ile ikifungwa kesho, atatoka bila dola 5,000 na atakuwa na haki ya kuniuliza. Nilimwambia hivyo wazi, mbele ya mke wake, ili wasifikiri kwamba padri ameona mambo yajayo. Aliomba abadilishiwe kazi kwa sababu ya mgongo, wakampa kuchunga stoo. Katika CNSS alikuta miaka mitatu isiyoandikwa, na anaifuata bado. Mama amenunua matofali ya kuchoma, kidogo kidogo, kwa nyumba yenye chumba kimoja cha kupangisha. Juma lililopita ukuta ulifika kwenye madirisha.